Kwako Analia, Kwangu Anacheka

11 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko, na kikohozi chako je? Sisi hatujambo. Goti langu linanisumbua kwa kukanyaga cherehani kutwa, ila nikilipumzisha linauma zaidi, kwa hiyo tumeelewana tufanye kazi wote wawili. Shemeji yako anatengeneza mafriji ya mtaa mzima na la kwetu linavuja. Binti yangu kaanza kupaka rangi kucha na kaanza kunijibu, vyote kwa mpigo.

Tulikubaliana tuandikiane, maana kwenye simu mimi hupandisha sauti na wewe hukata. Basi natimiza.

Sasa mwanangu. Siku majina ya chuo cha jeshi yalipotoka mwaka jana nilifunga duka mchana kweupe, nikapita mtaani nikisema natafuta uzi mweusi. Uzi ninao makopo mazima. Nilitaka tu waniulize kijana kafaulu wapi, nao hawakuniangusha. Waliposikia kwamba chuo chenyewe ndicho unachofanyia kazi ya uuguzi, wote walisema nina bahati. Nami nikasema kweli, nina bahati. Lakini moyoni kitu kilinichoma, kama pale mtu anapovaa nguo mpya kumbe fundi kasahau sindano.

Nakuomba umwangalie kifua, kifua chake ni chepesi tangu utotoni. Na usimlee. Kulea nimeshalea mimi. Ukimwona na soksi zilizotoboka, niandikie, usimnunulie. Kwenye kifurushi hiki kuna shati la mikono mirefu la kuvaa siku ambazo hawavai sare. Mpe kwa mkono wako, ila mwambie kashona nani.

Dada yako

3 Machi

Dada,

Pole na goti. Kikohozi kimeisha, kimebaki kile cha kuwanyamazisha watu kwenye foleni. Mpe pole shemeji kwa friji, na binti mwambie anitumie rangi hiyo ya kucha, hapa naruhusiwa kupaka miguuni tu.

Shati limemkaa vizuri mabegani, ila mikono imekuwa mifupi. Mwanetu amerefuka.

Kazi imeniongezeka na nimejitakia mwenyewe. Kila wanafunzi wapya wanapoingia hapa, wakubwa wao huwapokea kwa namna yao. Kofia ya mgeni inageuzwa juu chini, ndani yake inawekwa kikombe cha pombe kali, naye anakimaliza kwa mkupuo mmoja huku wenzake wanagonga meza. Asiyekunywa hana jina tena mpaka amalize chuo. Sigara hufuata, wanasema inafukuza usingizi kwenye lindo. Wengine wanakaa darasani na tumbaku chini ya mdomo, mwalimu akiwauliza swali wanajibu kwa kichwa. Na sheria ya chuo ni moja: ukikamatwa, adhabu. Kwa hiyo wanajificha, na mimi naletewa mtu akiwa ameshaharibika.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Chuo kuomba stoo ya zamani ya ngoma za bendi. Nikamwambia nataka kila Jumamosi mwanafunzi yeyote aweze kuingia, akae, aseme linalomsumbua, mimi nisiandike jina lake wala nisimwambie mtu, awe afisa au mzazi. Mkuu si mtu wa maneno mengi. Akaniuliza, "Wakijua hawaadhibiwi, si watakunywa zaidi?" Nikamwambia, "Afande, kwani wanaoadhibiwa wameacha?" Akanipa ufunguo.

Ananisaidia sajini mmoja mstaafu anayesimamia uwanja wa mazoezi. Aliwahi kuwa mlevi mpaka ndoa ikamshinda, akaacha, na hana aibu kulisema. Tumeigawa stoo kwa ukuta wa ubao wenye mlango, yeye kule, mimi huku. Wanafunzi wameniita Mama Kimya.

Mwanetu naye hupita Jumamosi kunipangia viti. Ni kijana mzuri, dada. Usiwe na wasiwasi naye.

Mdogo wako

16 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo wote. Friji limepona, sasa linagandisha mpaka mboga. Binti anakusalimu na chupa ya rangi hii hapa, nyekundu kama ajali.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Umeandika "mwanetu". Si mara moja. Mdogo wangu, mshono wa kumtoa ninao mimi, na siku za baridi bado unawasha. Halafu Mama Kimya! Wewe uliyekuwa ukiongea hata usingizini, mpaka nikakuziba mdomo kwa mto! Kati ya majina yote ya dunia, hao watoto wamekosa jingine lisilo na "Mama" ndani yake?

Na yeye kaniandikia. Kurasa mbili. Mimi nimepata salamu na ombi la dawa ya viatu. Zilizobaki zote ni wewe. Mama mdogo kasema hivi, mama mdogo kacheka vile, mama mdogo anajua kuigiza Mkuu wa Chuo anavyokohoa. Nikampa shemeji yako asome, akasema, "Mbona barua nzuri tu." Wanaume hawa.

Kisha hivyo viti. Kijana ambaye kwangu sijawahi kumwona akiondoa sahani yake mezani, kila Jumamosi anakupangia viti? Anaumwa? Kuna jambo?

Unajua pombe ilitufanya nini nyumbani kwetu. Wewe ulikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyetumwa kumtoa baba kilabuni, nikamshika mkono njia nzima, watu wameegemea milango wanatutazama. Ndiyo maana kwangu haijaingia hata chupa tupu. Kama ni jambo la aina hiyo, wa kwanza kuambiwa ni mimi. Hujazaa, mdogo wangu, ndiyo maana hujui mama anavyoungua kwa jambo asiloambiwa.

Dada yako

28 Aprili

Dada,

Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa na kazi, na pia sikutaka.

Salamu kwa shemeji na binti. Rangi imefika.

Umeandika kwamba sijazaa. Najua. Ulikuwepo hospitalini mara zote mbili, ukanishika mkono, ukanivalisha viatu tulipotoka. Sikuhitaji kukumbushwa kwa barua yenye stempu.

Mwanao hajambo. Amefaulu vizuri mtihani wa kusoma ramani. Kifua chake ni kizima. Kuhusu viti, muulize mwenyewe.

Juzi wamekuja vijana wawili wa mwaka wa pili, hawakuitwa wala kusukumwa, wakasema wamechoka na wanataka kuacha. Mmoja alikaa na sigara isiyowashwa kidoleni muda wote tunaongea, alipoondoka akaiacha kwenye kiti. Hiyo ndiyo habari yangu njema, kama unaitaka.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Lile neno nililoliandika, kalamu ilinitangulia. Nilitaka kuja kukwambia hivyo ana kwa ana, ndiyo maana nilipanda basi siku ya wageni bila kumwambia mtu. Kumbe nilikuja kuona.

Nilivaa gauni langu la kijani, nikambebea mwanangu kuku wa kukaanga na mikate niliyooka mwenyewe. Ukumbini wazazi wamejaa, kila mmoja na kijana wake, wanapigana picha. Wangu simwoni. Nikasubiri mpaka watu wakaanza kunionea huruma kwa macho. Mlinzi mmoja, kijana mwenye adabu, akaniambia, "Mama, jaribu kule nyuma ya zahanati."

Nikazunguka. Dirisha la stoo yako lilikuwa wazi. Mwanangu amekaa kwenye kiti, kainama, analia. Analia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto mdogo. Na wewe husemi kitu, umemwekea mkono mgongoni tu.

Kwangu hajalia tangu alipoanza shule. Hata siku tuliyomzika babu yake, yeye ndiye aliyenishikia leso. Kwangu anacheka. Kwangu ni "usijali, mama" asubuhi na jioni. Nami nikajivuna, nikadhani nimezaa mtu mgumu. Kumbe machozi anayo, ila ana mahali anapoyapeleka.

Niligeuka. Mguu mmoja ulinituma niingie nikukamate ukosi, mwingine ukanituma nyumbani, nikaufuata huo. Kuku nilimpa yule mlinzi. Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Niambie analilia nini. Leo nakuuliza kama mama yake. Nisipojibiwa, nitauliza kwa njia nyingine.

Dada yako

27 Mei

Dada,

Laiti ungegonga. Ningekuvutia kiti, tungekaa wote watatu, na leo tungekuwa na barua nyingine kabisa.

Sitakwambia.

Isome tena ukitaka, haitabadilika. Nikikwambia wewe kwa kuwa ni dada yangu, kesho atakuja afisa mmoja aniambie yeye ni mjomba wa fulani, keshokutwa kasisi, kisha mchumba wa mtu. Chumba kile kina kiti, birika la maji na ahadi yangu, basi. Ahadi ikivuja, vijana watarudi kujificha vyooni na nyuma ya karakana kama mwanzo, na safari hii hawatanisogelea tena.

Ninaloweza kusema ni kwamba alikuja kwa miguu yake. Na kila Jumamosi anapoondoka namwambia, "Mwandikie mama yako." Anachukua kofia yake na kwenda.

Kwa kuwa unataka ukweli, chukua huu ambao ni wangu kuutoa. Ninapenda anavyokuja kwangu. Nikisikia hatua zake koridoni naweka vizuri kilemba changu. Wewe una mtoto wa kumtembezea mtaa mzima ukitafuta uzi. Mimi nina Jumamosi. Ninakuonea wivu, dada, na hujawahi kuuona kwa kuwa muda wote ulikuwa na shughuli ya kuwa na watoto.

Mdogo wako

4 Juni

Mdogo wangu,

Leo sina salamu.

Nimemwandikia Mkuu wa Chuo. Nimemwambia muuguzi wake ana chumba cha kuficha maovu ya vijana ili wazazi wasijue, na kwamba humo ndani anampendelea jamaa yake. Nimeweka sahihi yangu chini, kubwa, inayosomeka.

Wanakuita Mama Kimya. Haya, kakae kimya mbele ya afande.

Dada yako

25 Juni

Dada,

Lazima mmoja wetu asalimie, basi nawasalimu. Shemeji, binti, na goti lako.

Mkuu aliniita. Barua yako ilikuwa mezani mbele yake, niliujua mwandiko wako tangu mlangoni. Akasema anataka majina ya wote wanaokuja Jumamosi. Nikamwambia, "Afande, hakuna majina." Akasema, "Kwenye karatasi hakuna. Kichwani yamo." Nikamwambia kichwa changu hakimo kwenye vitu vinavyokaguliwa. Sajini alikuwa amesimama pembeni yangu, nikaona sharubu zake zinatikisika. Mkuu hakucheka. Alinyoosha mkono, nami nikamrudishia ufunguo.

Habari ilienea chuo kizima kabla sijarudi zahanati. Hawakuambiwa barua ni ya nani, walichosikia ni kwamba Mama Kimya anatakiwa kutaja majina. Hilo lilitosha. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja hata kuomba dawa ya kichwa.

Jumapili mchana, baada ya mechi, kikundi cha mwaka wa kwanza kilikwenda nyuma ya karakana na pombe waliyonunua kwa mtu wa uzioni. Mmoja akaanguka. Nikuondolee hofu kwanza, si mwanao. Mwezi mmoja nyuma wangemkimbiza kwangu palepale. Safari hii walimwingiza bafuni, wakafungua maji ili asisikike anavyokoroma, wakafunga mlango na kukubaliana atalala aamke. Mwenzao mmoja akasema huyu haamki. Wakamzuia. Akawasukuma, akambeba yule mgonjwa mgongoni, akakata katikati ya uwanja wa gwaride, mahali ambapo hata mbwa wa walinzi hapiti, mbele ya maafisa waliokuwa wanakunywa chai barazani. Aliponifikia midomo ya yule mgonjwa ilikuwa ya bluu na mikono yake baridi kama bomba.

Amepona. Daktari wa hospitali kuu alisema angecheleweshwa kidogo tu tungekuwa tunamtafuta mzazi wake kwa habari nyingine.

Aliyembeba sitamtaja.

Ulilalamika kwamba watoto wanafichiwa siri zao. Nimekujibu.

Mdogo wako

14 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Barua hii nimeianza na kuikunja mpaka shemeji yako akaniuliza kama najifunza kutengeneza maua ya karatasi. Hajambo, anakusalimu sana. Binti naye. Wewe je, unakula?

Mwanangu alikuja likizo. Kakonda, shingo imekuwa ndefu kama ya mtu anayechungulia. Siku mbili za kwanza alicheka, akasema usijali, mama. Siku ya tatu akaja dukani, akakaa kwenye stuli ya wateja. Mimi nilikuwa nabana pindo la gauni la bibi harusi, pini zimejaa mdomoni.

"Mama," akasema, "ile barua uliandika wewe?"

"Barua ipi?" nikamuuliza katikati ya pini, kana kwamba mimi huwaandikia maafande kila wiki.

"Iliyofunga chumba cha mama mdogo."

Nikainamia pindo. Akasema, "Mimi ndiye niliyembeba yule mwenzangu. Na nilikuwa nimekunywa, mama. Nilikunywa kidogo kuliko yeye, tofauti yetu ni hiyo tu."

Mdogo wangu, maneno yalinijaa. Nilikuwa na hotuba nzima tangu enzi za baba. Lakini ukifungua mdomo wenye pini unazimeza, basi nikaufunga. Akaendelea mwenyewe. Kile kikombe cha kwenye kofia, hakutaka kuwa wa kwanza kukataa. Kisha sigara za lindo. Kisha akawa halali bila kunywa kidogo. Siku moja mkono ukamtetemeka kwenye shabaha, mwalimu akamcheka mbele ya wenzake, na Jumamosi yake akaja kwako. Kwako akakaa bila kunywa mpaka siku mlango ulipofungwa. Nani aliufunga, hakusema. Aliangalia sakafu tu.

Swali lililokuwa linanikaba unalijua. Kwa nini kwake, si kwangu? Sikuliuliza, naye akalijibu. "Mama, hapa nyumbani mtu akiyumba njiani tu, hata kama kajikwaa, unasema babu yenu wa pili huyo anapita. Ningekuandikia nini? Kwamba babu yetu wa pili yuko chuo cha jeshi?"

Nikazitoa pini moja moja, nikazichoma kwenye pindo, polepole, maana nilihitaji muda. Kisha nikasema, "Endelea, mwanangu." Sijui neno hilo nililipata wapi, nadhani ndilo unalotumia wewe huko. Akaendelea, na alilia. Alilia dukani kwangu, juu ya stuli ya wateja. Mwenye gauni akachungulia mlangoni, nikamfanyia mkono kama namfukuza kuku.

Nikwambie na baya lake. Wakati mwanangu anatoa machozi ya uchungu, ndani yangu kuna kitu kilikuwa kinasema, haya, sasa tumelingana na mdogo wangu. Nilikisikia wazi. Nimekiona sura yake na sikipendi, lakini hakijaondoka.

Chuo kilipofunguliwa nilirudi naye. Njiani nilimuuliza kama naweza kumsema kwa Mkuu. Alifikiri vituo kadhaa, kisha akasema sema, mama, ila useme na mimi nikiwepo. Tukaingia wote wawili.

"Mama," akasema Mkuu, "umekuja kumchukua kijana?"

"Nimekuja kuchukua barua yangu."

"Barua ikishaingia kwenye faili la jeshi haitoki."

"Basi weka na haya juu yake," nikasema. "Yule aliyevuka uwanja wako na mwenzake mgongoni ni huyu hapa. Anakunywa, anajitahidi kuacha, na haya nimeyajua baada ya kila mtu kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhukumu kabla ya kusikia. Wewe nawe ni hivyo hivyo, afande, usinikasirikie. Kile chumba kilipokuwa wazi vijana walikuwa wanakuletea wagonjwa wakiwa wanatembea. Kilipofungwa kwa mkono wangu na wako, nusura mama mwenzangu azike."

Mwanangu alikuwa amesimama wima, jasho linamtiririka. Mkuu alimtazama yeye, si mimi. Akamuuliza, "Kwa nini ulikatiza uwanja wangu?" Mwanangu akasema, "Kuzunguka kulikuwa mbali, afande." Mkuu akakohoa, kumbe unavyomwigiza ni sawasawa kabisa, akasema atafikiri, tukatolewa.

Nilipita zahanati. Waliniambia umekwenda mafunzoni. Nilifurahi na nilisikitika. Koti lako jeupe lilikuwa linaning'inia na kifungo kimoja kinaponea uzi, nikakikaza.

Lile neno la kwamba hujazaa lilikuwa ukatili, na nililijua nilipokuwa naliandika. Nisamehe.

Dada yako

20 Septemba

Dada,

Ninakula, na koti halijawahi kufungika hivi. Nilipolikuta nilijua ni mkono wako, kwa sababu kifungo kile hata mimi mwenyewe sasa nahangaika kukifungua. Yameisha, dada. Nimelia kidogo, nimeisoma barua yako, nimelia tena, yameisha.

Mkuu amenirudishia ufunguo. Hakusema kwamba alikosea, alisema tu stoo inaota ukungu ikikaa bila mtu. Kule uzioni ameweka walinzi, na yule muuza pombe hajaonekana tena. Vijana wanarejea mmoja mmoja. Walioanza ni wale waliomfungia mwenzao bafuni. Walikuja pamoja, wakakaa pamoja, kila mmoja akimwachia mwenzake aanze. Wiki iliyopita aliingia mmoja wa mwaka wa mwisho, miongoni mwa wale wanaoshika kofia wakati wa kupokea wageni. Aliniuliza kama wageni wa mwaka kesho wanaweza kupokewa kwa namna nyingine. Nikamuuliza namna gani. Akasema hajui, hakuna aliyewahi kufikiria. Nikamwambia akafikirie.

Ila ufunguo ulikuja na sharti. Mtu asimsikilize jamaa yake. Mkuu alisema, "Hilo katika barua ya dada yako lilikuwa kweli." Ni kweli.

Kwa hiyo mwanao sasa ni wa Sajini.

Jumamosi alikuja. Nilimtambua kwa hatua tangu mwisho wa koridoni, nikajikuta nimeshasimama. Akaingiza kichwa mlangoni, akanipigia saluti ya utani, akasema, "Mama mdogo, umeamkaje? Mama anakusalimu." Kisha akapita upande wa pili wa ubao, na Sajini akafunga mlango wao.

Mbele yangu alikuwa amekaa kijana mgeni kabisa, wa mwaka wa kwanza, anaviringisha kofia yake mapajani na kuikunjua. Alikuwa ameshaanza kuongea. Nami naitikia, hm, hm, lakini masikio yangu yote yako kwenye ubao. Nilisikia Sajini anasema kitu kifupi. Nilisikia mwanao anacheka. Kisha sauti yake ikakatika, pakawa kimya, na nikajua kinachoendelea ndani ya kile kimya, na kwamba mkono ulio mgongoni mwake si wangu. Iliniuma, dada. Iliniuma kama njaa. Nilitamani ubao udondoke.

Yule kijana akanyamaza. Nadhani aliona kwamba sipo.

Nikamwomba radhi. Nikanyanyua kiti changu, nikakihamishia upande wa dirishani, mbali na ule ubao, nikamsogezea na chake. Nikamwambia, "Samahani, mwanangu. Anza tena tangu mwanzo."

Mdogo wako